Usitupe paketi: unga ukiitwa urudi dukani, utajuaje kama ni wako?

Novemba 2019 KEBS, shirika la viwango la Kenya, walipotangaza kuwa aina tano za unga wa mahindi zimesimamishwa sababu ya aflatoksini (sumu ya ukungu), jirani yangu mmoja hapa Langoni, Lamu, mama wa makamo, alikuja dukani kwangu na ndoo ya plastiki. Akaiweka juu ya kaunta, akafunua kifuniko, unga umejaa mpaka shingoni, akaniuliza, "Mwanangu, huu ndio ule ama sio?" Mimi ndo nilomuuzia. Na sikuwa najua. Unga ni unga, mweupe vile vile, na yeye alikuwa amenunua paketi mbili kwa siku tofauti, aina tofauti, akamimina zote humo humo juu ya unga wa zamani uliobaki, alafu paketi zenyewe kaziwashia jiko la makaa. Tukabaki kutazamana.

Tangu siku hio nimekuwa nikiwaambia wateja wangu jambo moja mpaka wengine wananiona nimeingia wazimu: paketi usitupe mpaka kilichokuwa ndani kiishe. Nimeamua niandike kabisa hapa ili nisirudie rudie kwa mdomo, manake mwezi haupiti hujaletewa meseji ya "chakula fulani kina sumu, wajulishe na wenzio".

Kwanza ujue tangazo la kurudisha bidhaa linaongea lugha gani. Haliongei lugha ya ndoo. Linasema jina la bidhaa, saizi ya paketi (kilo moja ama mbili), tarehe ya kutengenezwa, tarehe ya mwisho, na nambari ya bechi. Bechi ni ule mkupuo mmoja uliopikwa ama kusagwa kwa pamoja kiwandani, kama vile wewe ukikanda unga wa mahamri asubuhi na mwengine jioni, wa asubuhi ukichacha haimaanishi wa jioni nao umechacha. Kwa hivyo mara nyingi sio kampuni nzima imeharibika, ni bechi tu. Ila saa nyengine wanasimamisha aina nzima, kama hio 2019, na tena mwishoni mwa Januari 2020 wakaongeza aina 17 za unga kwa kosa hilo hilo. Sasa wewe ukiwa huna paketi, tangazo la bechi halikusaidii lolote, utatupa kizuri ama utakula kibaya, moja katika hizo mbili.

Na kwetu Lamu tuna sababu zetu za kumimina, sisemi watu ni wajinga. Unyevu wa bahari, sisimizi, panya, paketi ya karatasi ukiiacha wazi siku tatu inalegea kama imelowa. Kumimina mimina tu. Lakini fanya hivi: kata ule upande wa paketi wenye nambari na tarehe, uubandike kwa selotepu nje ya kopo ama ndoo, ama uufunge na mpira. Dakika moja haifiki. Ukinunua paketi mpya usiimimine juu ya ile ya zamani, maliza ya zamani kwanza, pangusa ndoo iwe kavu, ndo utie mpya. Hilo la kuchanganya ndo baya kushinda yote, manake hata ukihifadhi karatasi mbili hujui tena upi ni upi, na unga mzee ukiwa ushaanza ukungu unaambukiza mpya.

Kama hutaki kukata karatasi piga picha. Simu kila mtu anayo. Piga mbele ya paketi, alafu piga pale penye tarehe na bechi. Kwenye paketi za unga huwa imegongwa juu pale panapokunjwa ama ubavuni, kwenye makopo huwa chini ya kitako, kwenye chupa za mafuta tafuta karibu na shingo ama kwenye lebo. Wino wake mara nyingi ni wa kufutika ukishikwa shikwa na mkono wenye mafuta, ndio maana nasema piga picha siku ile ile unapofika nyumbani.

Vitu vya kupima je? Hapa ndo penye kazi. Watu wengi hapa mjini hawanunui gunia, wananunua nusu kilo ya mchele, robo ya sukari, mafuta ya kupima kutoka jerikeni la lita 20. Mimi mwenyewe nauza hivyo na siwezi kukudanganya, ukishatoka na mchele kwenye mfuko wa karatasi hakuna nambari yoyote iliyokufuata. Kwa hivyo muulize mwenye duka akuonyeshe gunia. Sio tusi, mimi nafurahi mteja akiniuliza, ananiamsha. Piga picha ya lebo ya gunia na pia uandike tarehe uliyonunua. Muuza duka mzuri hakati lebo ya gunia mpaka liishe, na hamimini jerikeni moja ndani ya jengine. Ukiona amekasirika kwa swali hilo basi nenda duka la pili, Lamu maduka yamejaa.

Sasa alama. Bidhaa iliyotengenezwa Kenya inatakiwa iwe na alama ya ubora ya KEBS, ile ya herufi S, na chini yake kuna nambari ya kibali. Alama yenyewe mtu yeyote anaweza kuichapa, ile nambari ndo unayoitaka. Chukua simu, andika SM# kisha nambari ya kibali bila kuacha nafasi, tuma kwa 20023. Unajibiwa bidhaa ni gani, kampuni ni gani, na kibali kama bado kiko hai. Jibu likija ni la sabuni na wewe umeshika asali, ushajua. Hii niliifanya siku moja na chupa ya siki niliyoletewa na mchuuzi wa rejareja kwa bei ya chini sana, jibu likaja la kitu chengine kabisa, nikamrudishia mzigo wake wote, akaenda nao ananung'unika. Vitu kutoka nje vinakuwa na stika ya ISM, nayo pia ina nambari yake.

Alafu kuna vile vya sanduku. Nyinyi mnajua. Dada karudi kutoka Uingereza ama ami katoka Oman, sanduku limejaa chokoleti, jibini, maziwa ya mtoto. Hivi havikupita dukani na tangazo la KEBS halivihusu. Ikabidi utafute matangazo ya kule kilikotoka. Aprili 2022 chokoleti za Kinder kutoka kiwanda kimoja cha Ubelgiji mjini Arlon zilirudishwa nchi nyingi sababu ya bakteria ya salmonela, na zilikuwa ni karibu na Pasaka watu wamenunua za zawadi. Chokoleti ya namna hio inafika huku kwenye sanduku wakati kule ishatolewa madukani zamani, na wewe unampa mtoto umefurahi. Uingereza wana ofisi ya usalama wa chakula, FSA, inaweka matangazo kwenye intaneti, ni kuandika tu jina la bidhaa utazame.

Haya, meseji imeingia kwenye grupu la mtaa: "MSILE MCHELE HUU NI WA PLASTIKI." Usisambaze bado. Hii ya mchele wa plastiki mimi nimeipokea sijui mara ngapi na video ya tonge linadunda kama mpira. Tonge la mchele mzuri ukilifinyanga linadunda, jaribu mwenyewe jikoni, ni wanga ule. Desemba 2016 Nigeria walikamata magunia 102 wakasema ni plastiki, wakaenda kupima maabara ikaonekana ni mchele wa kweli, lakini ulikuwa na bakteria kuliko kiwango kinachokubaliwa. Yaani ubaya ulikuwepo ila sio ule uliotangazwa, na hapo ndo uvumi unapodhuru, watu wanadundisha matonge wakati tatizo ni uchafu ambao hauonekani. Tangazo la kweli lina tarehe, lina jina kamili la bidhaa, linasema kosa ni nini, na ukienda kwenye kurasa za KEBS wenyewe ama za wizara ya afya unalikuta. Likiwa halina bechi, halina tarehe, na linaishia na "tuma kwa watu 10", lifute. Ama piga KEBS 1545, ni bure.

Sasa tuseme ni kweli na nambari zimefanana na zako. Usipike. Usijiambie "nitauchemsha sana", manake aflatoksini sio mdudu afe kwa moto, ni sumu iliyoachwa na ukungu na ugali wako hauwezi kufika joto la kuiondoa. Kiwango kinachokubaliwa Kenya ni sehemu 10 kwa bilioni, yaani mikrogramu 10 kwa kilo moja ya unga, kitu kidogo hivyo hakina rangi wala ladha. Mwaka 2004 kule Makueni na Kitui na sehemu za jirani watu 317 waliugua na 125 wakafa kwa mahindi yaliyoingia ukungu, na hayo walikuwa wameyapika kama kawaida.

Usimpe jirani, wala mfanyakazi wa nyumbani aende nao kwao. Hili linanikera sana wallahi, mtu anaona kitu hakimfai yeye ila kinamfaa maskini. Na usiwape mifugo. Kuku nao wanadhurika na aflatoksini, ng'ombe na mbuzi sumu inatokea kwenye maziwa unarudi kuinywa wewe. Na punda! Sisi huku punda ndo gari letu, na watu wamezoea pumba na unga ulioharibika anapewa punda. Mahindi yenye ukungu yana sumu nyengine inaitwa fumonisini inayokwenda kwenye ubongo wa punda, utamwona anayumba, anagonga kichwa ukutani, na hana dawa. Kwa hivyo usimwage jaani wala kwenye kichochoro wanakopita punda na paka wa watu. Funga vizuri, andika juu "usile", urudishe dukani.

Kurudisha dukani kuna adabu zake. Nenda na bidhaa yenyewe hata kama umeshaifungua, nenda na ile karatasi ya nambari, na ushahidi kuwa umenunua pale. Risiti watu hawawekagi, najua, lakini kama ulilipa kwa M-Pesa meseji ipo kwenye simu, ina tarehe na jina la duka, inatosha kuanzia mazungumzo. Usiingie unapiga kelele mbele ya wateja, manake muuza duka naye ameuziwa. Mimi kwa upande wangu nikipata tangazo natoa bidhaa kwenye rafu saa ile ile, naziweka kwenye boksi nyuma na karatasi juu, naandika nimerudishiwa ngapi na nani, alafu napigia wa jumla. Wa jumla wengine ni waungwana wanakubadilishia. Kuna mmoja, simtaji, aliniambia nikitaka kurudisha mzigo nilipe mwenyewe gari mpaka Mombasa na boti kutoka hapa hadi Mokowe, yaani gharama imezidi bei ya unga. Nikamwambia basi nitampigia afisa wa afya ya umma aje autazame hapo hapo. Kesho yake nauli ikapatikana.

Mteja naye akikataliwa asirudi nyumbani kimya. Katiba ya 2010 kifungu cha 46 kinampa mnunuzi haki ya bidhaa zenye ubora unaofaa, ya kupewa maelezo, ya kulindwa afya yake, na fidia akidhurika, na kuna Sheria ya Kulinda Watumiaji ya 2012 juu yake. Huna haja ya wakili kwa paketi ya unga, ila ukitaja kifungu 46 kwa upole utashangaa droo inavyofunguka.

Yule mama wa ndoo mnauliza mwisho ilikuwaje? Hatukujua, na kama hujui unachukulia kuwa ndio. Nikampa paketi mbili za aina isiyotajwa, ule unga wake nikautia kwenye boksi. Hasara yangu, lakini nilikuwa na makosa nusu.

Kama umeshakula, tulia. Aflatoksini kwa kiasi cha ugali wa jana jioni sio ya kukimbilia hospitali usiku, ubaya wake mkubwa ni wa kurundikana kwenye ini miaka na miaka, unaacha kula tu. Ila macho yakiwa manjano, tumbo kujaa, kutapika kusikoisha, hapo nenda. Ikiwa ni bakteria, kama salmonela, ndio utaharisha na homa ndani ya saa kadhaa ama siku mbili tatu. Kinachoua ni maji kuisha mwilini. Lita moja ya maji safi, vijiko sita vya chai vya sukari, nusu kijiko cha chai cha chumvi, koroga, mtu anywe kidogo kidogo. Ukiona damu kwenye choo, mtoto amelegea hataki kunyonya, mkojo umekata, usingojee asubuhi, shuka nae hospitali ya King Fahd. Mlioko Pate na Kizingitini huko hesabuni na maji kupwa na kujaa, msingoje mpaka boti haliwezi kutoka.

Nimeongea sana ya paketi na nusu ya chakula chetu haina paketi. Samaki hana bechi. Hakuna mtu atakayekutangazia kuwa jodari wa jana sokoni arudishwe, hapo mkaguzi ni wewe. Bibi yangu alikuwa anainua shavu la samaki kwa kidole kimoja tu, anasema "huyu si wa yeo, ni wa yana", na muuzaji anashusha bei bila kubishana. Macho yawe yametokeza na yanang'aa, sio yameingia ndani na utando mweupe, mashavu mekundu sio ya rangi ya udongo, ukibonyeza nyama inarudi. Jodari na samaki aitwaye una muwaogope zaidi kwa jua, manake wakikaa bila barafu wanatoa histamini, na histamini nayo haifi kwa kukaanga. Ukila ulimi unawasha kama pilipili, uso unakuwa mwekundu, kichwa kinagonga, moyo unakwenda mbio, ndani ya saa moja. Watu wanadhani ni aleji ama wametupiwa jicho. Kwa hivyo kama samaki huyo hakukaa kwenye barafu tangu boti, hata awe rahisi vipi mwache. Bunju, yule samaki anayejivimbisha, najua hamli, ila watoto wanaovua na mshipi pale gatini mwaambie, sumu yake haitoki kwa kupika. Na nyama ya kasa, mbali ya kuwa ni marufuku kisheria, Machi 2024 kisiwa cha Panza huko Pemba iliua watoto 8 na mtu mzima mmoja.

Chakula cha tui ni mbio. Mbaazi, samaki wa kupaka, wali wa nazi, kwa joto hili la kwetu saa mbili nje ya friji zinatosha, na ikiwa ni kaskazi jua limewaka hesabu saa moja. Wali wenyewe, hata mweupe, una bakteria inayobaki hai baada ya kupikwa, ukiuacha kwenye sufuria usiku kucha inatoa sumu na ukiupasha asubuhi sumu haiondoki. Siku za Maulidi na harusi pilau linaiva alfajiri, linagawiwa adhuhuri, linapelekwa nyumbani kwa mabakuli, linaliwa magharibi. Mimi bakuli likinifikia naliuliza saa, hata kama aliyeleta ni mama mkwe. Stima ikikatika usifungue fungue friji, likifungwa linahimili kama saa nne, baada ya hapo nyama na maziwa yachunguze kwa wasiwasi sio kwa kuonja. Kuonja hakukwambii kitu. Kopo lililovimba ama linalofukuta ukilifungua usilionje hata kwa ncha ya kidole.

Mwisho ripoti. Mkiugua wawili watatu mliokula kitu kimoja, mjulishe afisa wa afya ya umma wa kaunti, ukimkosa ofisini muulizie hospitalini. Atataka kujua mlikula nini, saa ngapi, mlinunua wapi, nani hakula na hakuugua, na atataka mabaki. Kwa hivyo msioshe sufuria kwa hasira. Tia kijiko vijiko vya kile chakula kwenye chupa safi, funika, weka friji sehemu ya chini, na uandike kwa herufi kubwa USILE, manake majumbani kwetu kitu kikishaingia friji hakina mwenyewe, mpwa wangu alishawahi kumaliza ushahidi na mkate wa mofa.